Malkia wa Mwisho wa Urusi na Siri Yake

Alexandra, mke wa Kaisari Nicholas wa Pili, alizaliwa mwaka 1872 katika mji wa Darmstadt, Ujerumani. Alikuwa mjukuu wa Malkia Victoria wa Uingereza. Aliolewa mwaka 1894, akaingia katika dini ya Kiorthodoksi. Kwa kuwa alikuwa mwenye haya, wala hakupenda karamu, wakuu wa Urusi walimdhania kuwa na kiburi.

Alizaa mabinti wanne, na mwaka 1904 akamzaa Alexei, mrithi wa ufalme. Lakini furaha haikudumu. Mtoto alikuwa na hemofilia, ugonjwa ambao damu haigandi upesi. Akijigonga kidogo tu, damu humvuja ndani ya mwili na maumivu huwa makali. Mama aweza kumrithisha mwanawe ugonjwa huu, na siku zile haukuwa na dawa.

Wazazi waliuficha ugonjwa huo. Madaktari waliposhindwa, Malkia alimtegemea Rasputin, mkulima wa Siberia, akiamini kwamba sala zake humtuliza mtoto. Raia hawakujua sababu hiyo. Waliona tu kwamba mtu mwenye sifa mbaya ya ulevi na uasherati anapokewa na Malkia, wakaanza kunong'ona.

Vita vilipoanza mwaka 1914, Alexandra alijifunza uuguzi pamoja na binti zake wawili wakubwa, akawafunga askari majeraha yao. Lakini mwaka 1915 Kaisari alikwenda kuongoza jeshi, na shauri la mkewe likawa na nguvu sana katika serikali. Katika muda wa mwaka mmoja mawaziri wakuu watatu waliondolewa. Watu wakasema kwamba Malkia ni mpelelezi wa Wajerumani, jambo ambalo halikuwa kweli.

Rasputin aliuawa Desemba 1916. Machi 1917 watu wa Petrograd, waliochoshwa na vita na ukosefu wa mkate, waliasi, na askari wakajiunga nao. Kaisari akajiuzulu. Tarehe 17 Julai 1918 yeye, mkewe na watoto wao wote watano walipigwa risasi na Wabolsheviki mjini Yekaterinburg.

Siri ile peke yake haikuuangusha ufalme, maana taabu za Urusi zilikuwa nyingi. Lakini watu wasioambiwa kweli hujitungia yao. Wahenga walinena: mficha maradhi, kifo humuumbua.