Kijana wa Miaka 16 na Jaribio la Kinga ya VVU: Nani Atoe Ridhaa?



Ndugu msomaji, tuseme watafiti wamefika Mbulu au Hanang na kuomba vijana wa chini ya miaka 18 washiriki katika jaribio la kinga ya VVU. Tuwajibu nini? Wengi wetu tutasema "hapana" kabla hawajamaliza kueleza. Jibu hilo linatoka katika upendo wa wazazi, kwa hiyo tulichunguze kwa heshima. Kisha tujiulize: je, linamlinda mtoto kweli?

1. Hofu zetu

Hofu ya kwanza: "Huku kwetu ugonjwa si mkubwa." Ni kweli. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulionyesha kuwa 4.4% ya watu wazima Tanzania wana VVU, na Manyara iko chini ya wastani huo. Lakini watoto wetu hawabaki nyumbani. Binti akimaliza shule huenda Arusha au Dar es Salaam kufanya kazi za ndani, na kaka yake huenda machimbo ya Mirerani. Usalama wa kijijini hauondoki pamoja nao.

Hofu ya pili ni damu. Habari za mumiani tumezisikia tangu utoto. Tusimcheke mzazi anayeuliza damu ya mwanawe inapelekwa wapi, maana ni haki yake kujibiwa.

Hofu ya tatu inatugusa sisi Wakatoliki: kwamba kumruhusu mtoto ni kumfungulia mlango wa uzinzi. Tusifiche kwamba katika majaribio haya washiriki hupewa pia ushauri na kondomu, na mzazi anapaswa kulijua hilo mapema. Hata hivyo tukumbuke kwamba si kila binti anayeambukizwa alichagua. Yuko aliyebakwa, yuko aliyeozwa mapema, yuko aliyelazimishwa na mwajiri wake.

2. Vijana wakiachwa nje

Mwaka 2012 Marekani iliidhinisha vidonge vya kujikinga na VVU kwa watu wazima. Vijana walisubiri hadi 2018, baada ya dawa hiyo kuchunguzwa kwao pia. Ilikuwa miaka sita, na virusi havikuwasubiri.

Kwa sindano ya lenakapaviri, inayochomwa mara mbili kwa mwaka, mambo yalikwenda tofauti. Jaribio lililofanyika Afrika Kusini na Uganda liliwahusisha wasichana na wanawake wa miaka 16 hadi 25. Matokeo yalitoka 2024: kati ya 2,134 waliopewa sindano hiyo, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Marekani ilipoiidhinisha mwaka 2025, vijana wenye uzito wa kilo 35 na zaidi walihesabiwa tangu mwanzo.

Lakini si kila jaribio huleta habari njema. Mwishoni mwa miaka ya 1990, mradi wa MEMA kwa Vijana ulianza katika jamii za vijijini mkoani Mwanza, ukitoa elimu shuleni na huduma za afya zinazowafaa vijana. Ujuzi wao uliongezeka, ila maambukizi hayakupungua. Hata jibu hilo lina faida, kwa kuwa lilituonyesha kwamba kumfundisha kijana peke yake hakutoshi kama watu wazima wanaomzunguka hawabadiliki.

3. Ridhaa ya nani?

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2295, haikatazi utafiti kwa binadamu. Inadai heshima kwa utu, inakataa hatari isiyo na uwiano na faida au inayoweza kuepukwa, na inataka ridhaa ya mhusika au ya wale wanaosema kwa haki kwa niaba yake. Taratibu za utafiti nchini nazo zinataka idhini ya mzazi au mlezi kwa aliye chini ya miaka 18, pamoja na kukubali kwa kijana mwenyewe. Mzazi akisema ndiyo na mtoto akakataa, basi imekwisha.

Hapa kuna ugumu. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2019, kijana wa miaka 15 anaweza kupima VVU bila idhini ya mzazi. Katika utafiti hawezi. Kwa hiyo binti anayehitaji kinga kuliko wote anaweza kuwa yule asiyethubutu kumweleza baba kwa nini anaihitaji.

Sisi hatuoni kwamba dawa ni kumweka mzazi pembeni. Tunaona mzazi abaki, ila akubali kabla ya kutia sahihi kwamba majibu ya vipimo na maungamo ya mtoto kwa mtafiti ni siri ya mtoto. Ni vigumu kwa baba wa kwetu, na hapo ndipo kazi yetu ya kichungaji inapoanza.

Nasi mafrateri tujihadhari. Tangazo la altareni husikika kama agizo. Tuite watafiti kwenye jumuiya ndogondogo waulizwe maswali, lakini tusimwandikishe mtu.

Maswali ya kutafakari katika jumuiya

1. Binti yako akiwa na hofu ya kuambukizwa, atamwambia nani kwanza?
2. Mshiriki akidhurika katika jaribio, nani atamtibu, na hadi lini?
3. Dawa ikifaulu, itafika Haydom na Katesh, au itaishia mjini?