Joto, Halijoto, Kanieneo na Mkazo: Mipaka ya Istilahi katika Uigaji wa Mwendo wa Molekuli

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza namna Kiswahili kinavyoweza kueleza suala moja mahususi la fizikia ya kompyuta: udhibiti wa halijoto na mkazo katika uigaji wa mwendo wa molekuli. Mfano unaotumika ni unyuzi wa pamba, zao kuu la biashara la Mkoa wa Simiyu.

Mwanafunzi wa Mwamapalala, kata ya Wilaya ya Itilima iliyomegwa kutoka Wilaya ya Bariadi mwaka 2012, husoma sayansi kwa Kiswahili katika shule ya msingi ya serikali, kisha hukutana na sayansi hiyohiyo kwa Kiingereza anapoingia sekondari. Tume ya Rais ya Elimu ya mwaka 1982 ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika kufundishia katika sekondari mwaka 1985, lakini pendekezo hilo halikutekelezwa. Tangu wakati huo hoja inayorudiwa ni kwamba Kiswahili hakina maneno ya kutosha ya sayansi. Makala haya yanadai kwamba, katika suala linalojadiliwa hapa, tatizo si uhaba wa maneno. Maneno yapo, tena kwa wingi. Kinachokosekana ni mipaka baina yao.

2.0 Joto na halijoto

Katika lugha ya kila siku neno joto hubeba dhana tatu: hisia (kusikia joto), nishati inayohama (chuma kimepata joto) na kipimo (joto la mwili limepanda). Mazungumzo ya kawaida hayaathiriki kwa hilo. Fizikia, hata hivyo, hutenga dhana ya pili na ya tatu. Sufuria ya maji yanayochemka inatosha kuonyesha tofauti: joto linaendelea kuingia kutoka mekoni, lakini halijoto haipandi. Kwa kipimo hiki, hata neno kipimajoto, lililozoeleka sana, halilingani na kazi ya chombo chenyewe, kwani kinachosomwa humo ni halijoto.

Katika uigaji wa molekuli tofauti hii ni ya lazima. Kompyuta hutunza mahali ilipo kila atomu na kasi yake, kisha hukokotoa mwendo kwa hatua fupi sana, kwa kawaida femtosekunde 1 au 2. Ndani ya hesabu hiyo hakuna moto wala kipimajoto. Halijoto hupatikana kutokana na nishati-mwendo: kwa atomu N zinazosogea huru, wastani wa nishati-mwendo yote ni 3/2 NkT, ambapo k ni namba isiyobadilika ya Boltzmann na T ni halijoto. Joto ni nishati inayoingia au kutoka kwenye mfumo. Halijoto ni hali ya mfumo wenyewe. Anayetumia neno moja kwa yote mawili hawezi kueleza kinachodhibitiwa ni kipi.

3.0 Kudhibiti na kugandisha

Kitenzi dhibiti nacho kinahitaji uangalifu. Katika matumizi ya kawaida, kudhibiti magendo au moto ni kuzuia. Mfasiri anaweza basi kuandika kwamba kidhibiti-halijoto huifanya halijoto isibadilike. Maelezo hayo si sahihi. Mfumo mdogo unaogusana na mazingira yake hupanda na kushuka daima, na kiasi cha mpando na mshuko huo kinajulikana: uwiano wake na halijoto yenyewe ni kipeuo cha pili cha 2/(3N). Kwa atomu 1,000 katika kelvini 300, ni takriban kelvini 8. Programu inayorekebisha kasi za atomu ili kila hatua isomeke 300 kamili imekidhi maana ya kawaida ya kudhibiti, lakini imeharibu fizikia.

Historia ya mbinu inafafanua jambo hili. Mbinu ya Berendsen na wenzake (1984) huivuta halijoto polepole kuelekea kiwango kilichowekwa. Wastani huwa sahihi, lakini mpando na mshuko hupungua kuliko inavyostahili. Nosé (1984) na Hoover (1985) waliongeza katika milinganyo ya mwendo kigeu kinachosimama mahali pa mazingira, nishati ikaweza kuingia na kutoka, na mtawanyiko ukahifadhiwa. Inafaa basi kusema kudhibiti wastani wa halijoto. Neno wastani hapa ni sehemu ya maana na halipaswi kuachwa.

4.0 Kanieneo na mkazo

Hapa maneno yanashindana zaidi. Katika taarifa za hali ya hewa msikilizaji hupata mgandamizo wa hewa. Zahanati humpa shinikizo la damu au presha. Wataalamu wa istilahi humpa kanieneo. La mwisho lina sifa ya pekee: muundo wake ni fasili yake, yaani kani juu ya eneo. Lakini mkazo pia ni kani juu ya eneo. Kinachovitofautisha ni mwelekeo. Kanieneo ni namba moja, kwa kuwa kimiminika kilichotulia husukuma sawasawa pande zote. Mkazo huelezwa kwa vijenzi 9, ambavyo kwa kawaida 6 tu hutofautiana, kwa sababu yabisi yaweza kuvutwa upande mmoja na kubanwa upande mwingine.

Pamba inayofungwa marobota kwenye kinu cha kuchambulia hubanwa hasa kwa mwelekeo mmoja. Uzi unaosokotwa huvutwa kwa urefu wake. Katika unyuzi wenyewe minyororo ya selulosi imelala sambamba: kwa urefu hushikwa na vifungo imara vya kemikali, na kwa upana na vifungo dhaifu zaidi, vikiwemo vya hidrojeni. Umbo la fuwele ya selulosi iliyo nyingi katika pamba lilielezwa kwa kina na Nishiyama, Langan na Chanzy mwaka 2002, na pembe zake si zote mraba.

Tuseme mwigaji ameweka fuwele hiyo katika kisanduku kinachoweza kutanuka au kusinyaa bila kubadili umbo, kama katika mbinu ya Andersen (1980). Kwa vizio vyovyote vile, mkazo wa urefu ukiwa 200 na ile miwili ya upana -100 na -100, wastani ni 0. Msomaji wa kanieneo ataripoti kwamba fuwele imetulia, ilhali imevutwa na kubanwa kwa nguvu. Parrinello na Rahman (1980, 1981) waliondoa kasoro hii kwa kuruhusu pande na pembe za kisanduku zibadilike, ili kila kijenzi cha mkazo kifikie wastani unaotakiwa.

Yaweza kupingwa kwamba mkazo tayari ni istilahi ya fonolojia, pale unapotajwa mkazo wa silabi ya pili kutoka mwisho. Pingamizi hilo si zito. Kiingereza hutumia neno moja kwa mkazo wa silabi, mkazo wa maada na msongo wa mawazo, na taaluma husika huamua maana. Kiswahili kimeshautenga msongo. Kina ubainifu zaidi hapo.

5.0 Hitimisho

Mjadala huu unapendekeza matumizi yafuatayo katika maandishi ya fizikia:

(a) joto: nishati inayohama; halijoto: hali inayopimwa;
(b) kudhibiti: kuongoza wastani bila kufuta mpando na mshuko;
(c) kanieneo: namba moja isiyo na mwelekeo, mkazo: kani juu ya eneo kwa kila mwelekeo.

Maneno mgandamizo na shinikizo yaendelee katika nyanja yalikozoeleka. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI (1990) ilionyesha kwamba istilahi zinaweza kukusanywa na kusanifishwa. Kazi inayofuata ni kuzipima ndani ya matini kamili, pale ambapo neno likikosewa hesabu nayo hukosewa. Mwanafunzi wa Mwamapalala aliyezoea kuona pamba ikibanwa robota ana msingi wa kuielewa tofauti ya mkazo na kanieneo. Lugha ya darasani isimpotezee msingi huo kwa kuyaita mambo mawili jina moja.