Kipimo cha Figo Ni Sehemu ya Dozi: Ninavyotumia Dawa ya Vidonda vya Utumbo Mpana

Naishi Mbagala, na kwa miaka kadhaa sasa natumia mesalazini kila siku. Ni dawa ya kumeza inayotuliza uvimbe na vidonda vya utumbo mpana, ule ugonjwa ambao madaktari huuita alsarativu kolaitisi. Makala hii namwandikia mgonjwa mwenzangu wa Temeke, Kinondoni au Kigamboni aliyetoka kliniki na cheti cha dawa mkononi, akaelezwa harakaharaka kwa kuwa foleni nyuma yake ilikuwa ndefu, na sasa anajiuliza aanzie wapi.

Neno langu kubwa ni hili: kwa walio wengi dawa hii ni salama, ila inataka mambo mawili. Uimeze hata siku unazojisikia mzima, na upime damu na figo hata siku hizohizo. Haya mawili ndiyo watu huyaruka, kwa sababu mtu akishapona haoni tena sababu ya kupanda daladala kufuata maabara.

Hakikisha ugonjwa wenyewe

Choo chenye damu huku kwetu kina sababu nyingi. Kuna amiba, kuna bakteria wa shigela, kuna kichocho cha tumbo hasa kwa waliokaa Kanda ya Ziwa, na kuna hata TB ya utumbo. Mesalazini haiui mdudu yeyote kati ya hao. Kwa hiyo kabla ya kuanza, choo kipimwe, na utumbo uangaliwe kwa kamera huku kinyama kidogo kikichukuliwa kwa ajili ya maabara. Kwa wengi wetu njia huanzia zahanati au kituo cha afya, ikaenda hospitali ya rufaa ya mkoa kama Temeke au Mwananyamala, kisha Muhimbili.

Ukifika duka la dawa, usiseme tu kwamba una vidonda vya tumbo. Muuzaji atakuelewa una vidonda vya juu, vya mfuko wa chakula, na atakupa omeprazo. Sema "utumbo mpana" na uonyeshe cheti.

Fahamu umeandikiwa ipi

Dawa za kundi hili ambazo unaweza kukutana nazo ni mbili, sulfasalazini na mesalazini. Sulfasalazini ndiyo kongwe. Daktari Nanna Svartz wa Sweden alianza kuitumia kwa wagonjwa wa viungo, na mwanzoni mwa miaka ya 1940 akaeleza jinsi ilivyowasaidia wenye vidonda vya utumbo mpana. Ndani yake mna sehemu mbili zilizounganishwa: mesalazini na dawa ya sulfa. Bakteria wa utumbo mpana ndio wanaozitenganisha. Mwaka 1977 Azad Khan na wenzake kule Oxford walionyesha kwamba inayotibu utumbo ni ile mesalazini. Sulfa ni mbebaji tu, na ndiyo inayoleta sehemu kubwa ya madhara.

Historia hii ina maana kwa mtu wa Mbagala. Sulfasalazini imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na kwa kawaida bei yake iko chini ya mesalazini, kwa hiyo wengi huanzia hapo. Lakini kama uliwahi kumeza Fansidar, Metakelfin au Septrin ukatoka vipele, malengelenge au vidonda mdomoni, mwambie daktari kabla hajaandika chochote. Hizo zote ni dawa za sulfa, na aliyedhuriwa na moja hapaswi kupewa sulfasalazini. Aliyewahi kudhuriwa na aspirini aseme pia, maana mesalazini na aspirini ni za ukoo mmoja.

Jambo jingine la kwetu ni upungufu wa kimeng'enya cha G6PD. Unapatikana sana kwenye maeneo yaliyokaa na malaria kwa vizazi vingi, pwani yetu ikiwemo. Mwenye upungufu huo akimeza sulfasalazini, chembe nyekundu za damu zinaweza kuvunjika. Uliza kama unaweza kupimwa kabla ya kuanza.

Mpe daktari orodha kamili

Taja kila unachomeza, bila aibu. Mwenye shinikizo la damu au kisukari aseme, kwa kuwa magonjwa hayo yenyewe hugusa figo. Anayetumia ARV zenye tenofovi aseme, kwa sababu tenofovi nayo inaweza kuumiza figo, na daktari atataka kuzifuatilia kwa karibu zaidi. Anayetumia azathioprini, methotreksati au wafarini aseme. Taja na mitishamba ya kusafisha tumbo, hata kama uliinunua kwa mzee unayemheshimu.

Kumeza kwenyewe

Vidonge vingi vya mesalazini vina gamba la nje lililotengenezwa livumilie tindikali ya mfuko wa chakula, lipite, likayeyuke huko chini kwenye utumbo. Ukikitafuna, ukikisaga au ukikikata, dawa inaishia juu na kule kwenye vidonda haifiki ya kutosha. Meza kizima, kwa maji ya kutosha. Baadhi ya aina hazitakiwi kumezwa pamoja na dawa za kuzima kiungulia, vikiwemo vile vidonge vya magnesiamu vya kutafuna. Kuhusu kumeza kabla au baada ya kula, fuata karatasi iliyomo kwenye boksi, maana aina hutofautiana. Sulfasalazini humezwa baada ya chakula ili isikuchafue moyo.

Ukiona ganda tupu chooni, usishtuke, dawa imeshatoka ndani yake. Ukiona vidonge vizima mara kwa mara, mwambie daktari.

Hesabu dozi yako kwa gramu, si kwa idadi ya vidonge. Ugonjwa ukiwa umewaka, mesalazini huandikwa mara nyingi kati ya gramu 2.4 na 4.8 kwa siku, kisha hushushwa mambo yakitulia. Lakini kuna vidonge vya miligramu 400, vya 800 na vya 1,200. Famasi ikikubadilishia kutoka 400 kwenda 800 na wewe ukaendelea na idadi ileile, umeongeza dozi mara mbili bila kujua. Mimi nimeandika kwa kalamu nzito juu ya boksi: jumla ya siku, na vidonge vingapi vinafikisha jumla hiyo. Kila boksi jipya naliandika upya hapohapo dirishani, mfamasia akiangalia.

Ukisahau, meza ukikumbuka. Wakati wa dozi nyingine ukiwa umefika, endelea na hiyo. Usimeze mbili kwa mpigo.

Chooni nako kuna la kujua. Sulfasalazini hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa, na hilo halina neno. Mesalazini haifanyi hivyo, ila mkojo wake ukikutana na Jik kwenye sinki la choo unaweza kugeuka mwekundu wa kahawia. Kabla ya kuingia hofu kwamba ni damu, kojoa kwenye kikopo safi uangalie rangi. Ukiwa mwekundu na humo pia, nenda hospitali.

Vipimo

Mesalazini mara chache sana inaweza kuleta uvimbe ndani ya figo. Shida yake ni kwamba hauumi. Unaweza kuwa unakula ugali wako vizuri, choo kimerudi sawa, kumbe figo zinashuka polepole. Ikigundulika mapema na dawa ikasimamishwa na daktari, mara nyingi figo hurudi. Ikichelewa, zinaweza zisirudi. Kipimo cha damu kinachoitwa kreatinini ndicho kinachoonyesha.

Utaratibu wa kawaida ni kupima kabla ya kidonge cha kwanza, kupima tena baada ya miezi 3, kisha angalau mara moja kila mwaka. Madaktari wengine hupima mara nyingi zaidi mwaka wa kwanza. Kile kipimo cha kabla ya kuanza kisirukwe, kwa sababu ndicho cha kulinganishia. Majibu yako yanaweza kusomeka "kawaida" na huku yamepanda sana ukilinganisha na mwaka jana. Kwa hiyo usiridhike na kuambiwa uko vizuri. Omba namba, iandike kwenye daftari pamoja na tarehe, na uende na daftari hilo kila kliniki. Mimi hupiga na picha kwa simu, maana karatasi za maabara hazikawii kupotea.

Kwa sulfasalazini, ongeza picha kamili ya damu na vipimo vya ini. Miezi 3 ya kwanza ndiyo ya kubanwa zaidi, kwa kuwa madhara makubwa ya damu huja hasa miezi ya mwanzo. Dawa hiyo pia hupunguza folati mwilini, hivyo uliza kuhusu vidonge vya foliki asidi. Na wanaume wajue: sulfasalazini inaweza kupunguza mbegu za kiume wakati unaitumia, na hurudi miezi michache baada ya kuiacha au kubadilishiwa. Kabla wanandoa hawajaanza kunyoosheana vidole kwamba mtoto hapatikani, waongee na daktari.

Maji nayo ni kinga. Joto la Dar linatukausha, na mesalazini inaweza kutengeneza vijiwe kwenye figo. Tembea na chupa yako ya maji.

Dawa za maumivu

Hapa pana mtego mkubwa kuliko yote mitaani kwetu. Diklofenaki na ibuprofeni zinauzwa kila kona. Kwa mwenye ugonjwa huu zinaweza kuamsha vidonda vilivyolala, na zikichanganyika na mesalazini zinaongeza mzigo wa figo. Juzi mgongo ulinibana nikaingia duka la jirani.

"Dada, nikupe diklo? Hiyo inamaliza kabisa."

"Hapana kaka, mimi nina ugonjwa wa utumbo, nipe Panadol tu."

Sentensi hiyo ikariri. Waambie na wa nyumbani, ili siku una homa wasikununulie mseto wowote wa maumivu wasioujua.

Kununua na kutunza

Nunua famasi iliyosajiliwa yenye mfamasia. Mesalazini si dawa ya kununua kwa mtu anayeleta mkononi kwenye mfuko. Angalia tarehe ya kuisha, jina la kiwanda na namba ya toleo, na ukitilia shaka, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ndiyo ya kuuliza. Aina ikibadilika, hata kama ni mesalazini ileile, jiangalie wiki zinazofuata, kwani magamba hayayeyuki sehemu moja. Damu ikirudi, sema.

Fuata dozi mpya kabla ile ya zamani haijafika mwisho, na uliza mapema kama bima yako inaibeba. Nyumbani, boksi likae mbali na jua, dirisha na jiko. Chumba chenye bati bila dari huchemka mchana, kwa hiyo weka sehemu ya chini yenye kivuli, ndani ya boksi lake, mbali na watoto.

Mfungo na ujauzito

Kwa Waislamu, Shaabani ndiyo wakati wa kuongea na daktari. Usingoje mwezi uandame. Ugonjwa ukiwa umetulia, dozi ya mesalazini ya siku nzima mara nyingi inaweza kumezwa kwa mkupuo, wakati wa futari au daku, na maji yanywewe kwa wingi usiku. Ugonjwa ukiwa umewaka, dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kula.

Mjamzito asiache dawa kwa kuogopa. Ugonjwa kuwaka wakati wa mimba una hatari zaidi kwa mama na mtoto kuliko mesalazini. Anayetumia sulfasalazini anahitaji foliki asidi, na amwambie muuguzi wa kliniki ya wajawazito anachomeza kabla hajapewa SP ya kukinga malaria.

Dalili za kwenda hospitali bila kungoja

Maumivu ya kifua au pumzi kubana: mara chache mesalazini huvimbisha moyo au utando wake. Vipele vyenye malengelenge, vidonda mdomoni, koo kuuma pamoja na homa, michubuko isiyoeleweka, macho kuwa ya njano. Mkojo kupungua sana, miguu au uso kuvimba. Na kama wiki za mwanzo tumbo linazidi kusokota, damu inaongezeka, kuna homa na kichwa kinauma, inawezekana mwili wako umeikataa dawa. Hali hiyo hufanana mno na ugonjwa wenyewe kuwaka, kwa hiyo usijiongezee dozi. Daktari ndiye wa kuamua.

Choo chenye damu mara 6 au zaidi kwa siku, pamoja na homa au moyo kwenda mbio, ni ugonjwa mkali wa kulazwa. Hapo chukua bajaji au gari lolote, uende usiku huohuo.

Ukishapona, endelea

Damu ikikoma, hela ya dawa inaanza kuonekana kama ya kupotea. Utafiti wa Chicago uliochapishwa mwaka 2003 uliwafuata wagonjwa waliokuwa wametulia kwa mesalazini. Wale ambao hawakuimeza ipasavyo, hatari yao ya kurudiwa ilikuwa zaidi ya mara 5 ya wenzao. Kulazwa na kuanza upya kunagharimu kuliko boksi la mwezi. Hela ikikaba, mwambie daktari wazi mtafute njia, iwe kubadili aina au kupanga dozi upya, kuliko kuacha kimyakimya.

Kwa hiyo siku ya kliniki, usiondoke dirishani bila kuandikiwa tarehe mbili: ya kuchukua dawa, na ya kupima damu. Ukiwa na ya kwanza peke yake, rudi ndani uulize ya pili.