SOMO LETU: MAJINA TUNAYOWAPA WENZETU

Ndugu wafanyakazi, kijana wa Gisenyi akirudi kutoka Iwawa, kisiwa cha Ziwa Kivu chenye kituo cha marekebisho tangu 2010, tunamwitaje? "Mlevi", "mvuta bangi", "yule wa kanyanga". (Wala si kila aliyepelekwa huko alikuwa mraibu.)

Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2010 uliwapa waganga wa akili zaidi ya 500 habari za mgonjwa yuleyule. Alipoitwa "mtumiaji mbaya wa dawa", walielekea zaidi kumwona mkosaji anayestahili adhabu kuliko alipoitwa "mtu mwenye ugonjwa". Nao ni wataalamu! Nyapara je?

Anayeogopa jina hilo huficha ugonjwa, hata akiwa kwenye mashine. Tuseme "mwenzetu mwenye uraibu". Akiomba ruhusa ya hospitali, mjumbe wetu aandike "matibabu", basi.