Mtoto Akiinamisha Macho: Kwa Wazazi Waswahili Wenye Watoto Shuleni Marekani

Mtoto aliyelelewa Uvira au kambi ya Nyarugusu anajua kwamba mkubwa akikukanya, unainamisha macho. Kumkazia macho ni utovu wa adabu. Huko Marekani mwalimu anamwambia, "Nitazame ninaposema nawe," na mtoto anazidi kuinama. Mwalimu anaandika: amekaidi. Maandishi ya namna hiyo yakirundikana, mtoto anasimamishwa masomo.

Si lazima mwalimu huyo awe na chuki. Ubaguzi wa mfumo ndivyo ulivyo: kanuni ni zile zile kwa wote, ila zilitungwa kwa kufuata desturi za baadhi. Mwaka 2018 wakaguzi wa serikali kuu waliripoti kwamba wanafunzi weusi, waliokuwa asilimia 15.5 ya wanafunzi wa shule za umma, walikuwa asilimia 39 ya waliosimamishwa. Mwanao Mkongomani naye anahesabiwa miongoni mwa wanafunzi weusi, hata kama amefika juzi.

Gloria Ladson-Billings, aliyechunguza walimu waliofanikiwa na watoto weusi, aliandika mwaka 1995 kuhusu ufundishaji unaojengwa juu ya utamaduni wa mwanafunzi. Msisitizo wake wa kwanza ni kwamba mtoto afaulu masomo. Siku ya utamaduni shuleni, ya vitenge na sambusa, si mbaya, lakini Jumatatu inayofuata mambo yanarudi yale yale. Kinachosaidia ni mwalimu anayemruhusu mtoto kupanga insha yake kwa Kiswahili kabla ya kuiandika kwa Kiingereza, au anayeanza somo la kusoma kwa kitendawili: nyumba yangu haina mlango. Watoto wanaeleza ni dokezo gani limewafikisha kwenye yai. Kupata jibu kutokana na dokezo ndiko kunakopimwa kwenye mitihani ya kusoma Kiingereza. Kule San Francisco, wanafunzi wa darasa la tisa wenye alama za chini walipowekwa kwenye somo la historia na tamaduni za jamii zao, mahudhurio yao yalipanda kwa pointi 21 za asilimia. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2017.

Kwenye mkutano na mwalimu, usiulize "anaendeleaje?" Utajibiwa "vizuri tu." Uliza anasoma kitabu gani mwezi huu, na kitabu hicho kinagusa wapi maisha ya watu wake. Mweleze habari ya macho. Wengi wetu tunanyamaza kwa heshima, kwa kuwa mwalimu ni mzazi wa pili, lakini huko ukimya wako unaweza kuchukuliwa kwamba hujali. Omba mkalimani mapema. Usikubali mtoto akutafsirie kesi yake mwenyewe.

Akisimamishwa, kumbuka uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa mwaka 1975, Goss dhidi ya Lopez: hata kwa siku 10 au pungufu, mwanafunzi wa shule ya umma ana haki ya kuambiwa kosa lake na kusikilizwa. Omba sababu kwa maandishi, utunze kila barua pamoja na tarehe yake.

Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza shule zinazopokea fedha za serikali kuu kubagua kwa rangi au asili. Malalamiko hupelekwa Ofisi ya Haki za Kiraia ya Wizara ya Elimu ndani ya siku 180 tangu tukio. Ofisi hiyo ilipunguziwa watumishi wengi mwaka 2025, kwa hiyo peleka malalamiko kwa uongozi wa shule za wilaya pia, bila kuacha siku hizo zipite.