Kitabu Kwenye Kioo: Maswali ya Msomaji wa Pwani

Nikikaa ufukweni mchana, simu yangu haisomeki. Mbovu?

Nzima. Kioo cha simu hutoa mwanga wake chenyewe, na mwanga huo hauliwezi jua la saa saba la Bagamoyo. Ukiuongeza hadi mwisho utasoma kidogo, lakini simu itapata moto na chaji itakwisha upesi. Vua pia miwani ya jua: ile ya kuzuia mng'ao huweza kukifanya kioo kionekane cheusi tii.

Kipo kinachosomeka juani?

Kipo, cha wino wa kielektroniki. Ndani mna vifuko vidogo mno vyenye chembe nyeupe na nyeusi. Umeme hupandisha hizi na kushusha zile, herufi zikatokea. Huonekana kama karatasi, kwa jua lilelile linaloishinda simu. Umeme hutumika hasa unapofungua ukurasa mpya, ndiyo maana chaji hukaa wiki kadhaa. Wengi wanakijua kupitia kifaa cha Kindle, kilichotoka Marekani mwaka 2007, ingawa Sony walitangulia kule Japani mwaka 2004.

Basi nikanunue?

Inategemea unasoma nini. Kwa riwaya, nunua ukiwa na uwezo: faili la EPUB hujipanga upya kulingana na kioo, na herufi unazikuza upendavyo. Kwa mwanafunzi nasema hapana. Vitabu vya kiada katika maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ni PDF, kurasa zilizopangwa kwa karatasi kubwa, zenye picha za rangi. Kwenye kioo cha inchi 6 kisicho na rangi utashinda unavuta kushoto na kulia hadi hamu ya kusoma ikuishe. Hapo kishikwambi kinafaa zaidi, na walimu wengi wanavyo, vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022. Tena, kioo cha wino kikipasuka, usitegemee fundi simu wa mtaani awe na cha kubadilishia.

Usiku umeme umekatika, chaji asilimia 20?

Kama simu ni ya OLED, weka maandishi meupe kwenye weusi: nukta nyeusi huzimika kabisa, chaji ikabaki. Ya LCD taa yake ya nyuma huwaka kote, kwa hiyo punguza mwanga tu.

Mwanga wa bluu unapofusha?

Chama cha madaktari wa macho cha Marekani kinasema hakuna ushahidi kwamba mwanga wa skrini huharibu macho. Kinachochosha ni kusahau kupepesa. Kila dakika 20, tazama kitu kilicho mbali, mita 6 au zaidi, kwa sekunde 20. Kwa aliyekaa barazani, mnazi wa jirani unatosha.

Na chumvi ya bahari?

Kidole chenye majimaji ya chumvi hukichanganya kioo, kurasa zikajirukia zenyewe. Kifute kwa kitambaa laini kikavu, wala usichomeke chaja tundu likiwa na unyevu.