Benchi Linaloiona Feri: Mafunzo Niliyopata Nikichora Bustani ya Kamanga

Ukimwambia bodaboda wa Mwanza mjini akupeleke Kamanga, hakuulizi Kamanga ipi. Anakushusha gatini, si mbali na Jiwe la Bismarck, ingawa Kamanga yenyewe iko ng'ambo ya ghuba, upande wa Sengerema. Hapa mjini pamepewa jina la kule watu wanakokwenda. Nilipopewa kazi ya kuchora pendekezo la bustani ndogo ya wazi karibu na gati, pamoja na barabara inayoifikia, jina hilo lilikuwa mbele ya macho yangu kila siku nami sikulisoma. Mahali penye jina la safari ni mahali pa kusubiri. Ningelielewa hilo mapema, ningeokoa karatasi nyingi.

Pendekezo lile bado halijajengwa. Naandika nilichojifunza kwa sababu naamini siku moja pale, au kwenye gati jingine la ziwa hili, atatokea mtu mwenye rula mkononi.

1. Anayesubiri kwanza, mandhari baadaye

Mchoro wangu wa kwanza ulikuwa na mabenchi kumi na mawili, yote yakitazama maji. Nyuma yake nikapanga ua wa michongoma wa kuficha foleni ya magari na kelele za wapiga debe, na kingo za ua huo nikazikunja mpaka karibu na gati. Kwenye karatasi palipendeza.

Nikaupeleka gatini saa kumi alasiri. Ghuba iko magharibi mwa mji, kwa hiyo saa hizo jua linakujia usoni mara mbili: lile la angani na lile linalomemetuka majini. Watu karibu wote walikuwa wameligeuzia ziwa kisogo, wamejibanza kwenye vivuli vya kuta na vya magari. Lakini kila baada ya dakika chache shingo zinageuka, macho yanatafuta feri, kisha yanarudi.

Nilimkuta mama mmoja ameketi juu ya ndoo aliyoifudikiza, beseni lake la dagaa karibu limekwisha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu uketi."

Nilimfungulia karatasi. Akaifuata kwa kidole taratibu mpaka kwenye ua.

"Hapa pana nini?"

"Michongoma, mama. Inaficha magari."

"Na feri nitaionea wapi?"

"Utasikia honi."

"Honi ikilia, wenye miguu mizuri wameshaingia na kukaa. Mimi nisipoiona feri siketi, mwanangu. Nitasimama tu."

Usiku ule niliufuta ua wote. Mabenchi nikayafanya mapana yasiyo na egemeo, mtu akae upande anaoutaka: asubuhi atazame maji, alasiri ageuke, na akigeuza shingo tu aione feri inakuja.

2. Kivuli kinatembea, na watu wanatembea nacho

Siku mbili nilikaa chini ya mkuyu wa pale gatini na kamba na vigingi, nikiweka alama ya ukingo wa kivuli kila saa. Kufikia jioni ya siku ya kwanza sikuhitaji vigingi tena. Niliweza kuutazama mstari wa watu waliokaa chini, maana walikuwa wakisogea nacho, na mizigo yao na watoto wao, bila mtu kusema neno.

Mwanza iko karibu nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la mchana linakuwa upande wa kaskazini, Desemba linahamia kusini. Mti uliowekwa upande mmoja wa benchi unalihudumia benchi hilo miezi kadhaa tu. Ugumu zaidi ni jua la magharibi, maana feri nayo inatoka huko huko. Ukilizuia jua kwa ukuta au miti ya matawi ya chini, umeizuia na feri. Jibu tulilolipata ni paa pana lenye ukingo ulioshuka kiasi cha kumpita mtu mrefu aliyesimama. Saa kumi jua lingali juu ya ukingo huo, kivuli kinamfunika aliyekaa, na chini ya ukingo maji yanaonekana yote. Baada ya saa kumi na moja na nusu jua linaingia, na hapo kwa kweli watu wanalitaka.

3. Ziwa halina ukingo mmoja

Kwenye ramani niliyopewa, ziwa lilikuwa mstari wa buluu. Nikauamini. Kijana mmoja wa mitumbwi akanipeleka kwenye jiwe, akaniwekea kiganja juu ya alama, kimo cha kifua chake: "Maji yalifika hapa."

Mwaka 2006 Ziwa Victoria lilipungua mno, magati mengi yakabaki juu ya tope. Mei 2020 likapanda mpaka kimo kilichokuwa hakijaonekana tangu mafuriko ya miaka ya 1960, likaingia mashambani na majumbani kuanzia huku kwetu hadi Kisumu na Entebbe. Kati ya hali hizo mbili pana tofauti ya karibu mita tatu za wima, ndani ya miaka kumi na minne tu. Mtoto aliyezaliwa ziwa likiwa chini alikuwa bado shule lilipopanda.

Kwa hiyo ukuta wa zege niliokuwa nimeuchora nikauondoa. Badala yake zikawa ngazi pana za mawe ya hapa hapa, zilizokubali kuzama: hakuna waya wa umeme, hakuna kibanda, hakuna mbao. Maji yakipanda watu wanapoteza baadhi ya ngazi, yakishuka wanazipata. Vitu vyote vya gharama vilikwenda juu.

Na hapa nataka kusema jambo linaloniuma. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita sitini kutoka ukingo wa ziwa. Wengi wanaijua kama sheria ya kumbomolea mtu. Mimi naiona kama akiba ya watu wote. Mji wa Mwanza umekaa ziwani, lakini mkazi asiye na pesa ya soda ana sehemu chache za kukaa na kulitazama ziwa lake bila mhudumu kumjia na karatasi ya vinywaji. Mita sitini zile, zikipandwa miti na kuachwa wazi, ni bustani tayari. Serikali yenyewe inapotaka kujenga hapo inapaswa kupita kwenye tathmini ya mazingira kama mtu mwingine, na mchoraji mwangalifu afurahi kwamba inapita.

4. Chimba kabla ya kuchora mti

Tuliita mafundi wawili wenye sururu. Shimo la kwanza, chini ya mita moja: jiwe. La pili: jiwe. Mji wa miamba hauishii pale miamba inapoacha kuonekana. Miti ishirini na minne niliyoipanga kwa safu iliyonyooka haikuwa na mahali pa kuweka mizizi, na mashimo ya kunyonyea maji ya mvua yangekuwa mabeseni tu. Miti ikabaki kumi na mmoja, nayo ikaenda mahali udongo ulipo, bila safu. Nyasi nazo nilizipunguza. Kuanzia Juni mpaka Septemba zingehitaji maji kila siku, na kuvuta maji ziwani ni kitu cha kuombea kibali Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, kisha kulipia pampu na mtu wa kuiendesha. Changarawe iliyoshindiliwa chini ya mti inakaa watu wengi kuliko nyasi iliyokufa.

5. Bustani inaanzia pale mtu anapotoka kwenye feri

Hili ndilo lililonichukua muda mrefu zaidi, na ndilo ambalo wateja wengi hawataki kulilipia. Wanataka bustani, barabara wanaiona ni ya mtu mwingine. Kweli kwenye makaratasi ni ya mtu mwingine, wakala wa barabara, TARURA au TANROADS kutegemea barabara gani, lakini mguu wa abiria haujui mpaka huo.

Feri ikifungua mdomo wake, wanatoka kwa mpigo watu wa miguu, pikipiki, magari, mikokoteni, wanafunzi, na akina mama wenye mabeseni kichwani. Nilisimama nikamtazama mmoja tu. Anatembea shingo imenyooka, hawezi kutazama chini. Anafika kwenye ukingo wa njia ya miguu, uliopandishwa kwa zege kiasi cha kimo cha tofali. Anasimama, anatanguliza mguu wa kulia kupapasa, anaukosa ukingo, anarudi barabarani. Kuanzia pale akatembea katikati ya bodaboda mpaka mwisho, na njia ya miguu pembeni yake ikabaki tupu. Nilikuwa nimeichora njia kama ile mara nyingi katika kazi zangu na kuiita salama.

Kwenye mchoro tulishusha ukingo kila penye njia ya kuvukia. Mteremko ukawa mrefu, kila sentimita moja ya kupanda ikapewa sentimita kumi na mbili za kwenda, mkokoteni upande bila kusukumwa na watu wanne. Upana nao: akina mama wawili wenye mabeseni wapishane bila mmoja kugeuka ubavu. Na kila baada ya mwendo kidogo tukaweka kitu ambacho sikukiona kwenye kitabu chochote nilichosomea, jiwe la kutulia mzigo, kimo cha kifua. Mtu anausogeza mzigo kutoka kichwani mpaka juu ya jiwe, anapumua, kisha anajitwika mwenyewe bila kumwomba mpita njia. Jiwe hilo lilitoka kwa yule mama wa dagaa. Nilimuuliza bustani imfanyie nini, akasema, "Initue."

Halafu mtaro. Mvua ya Mwanza inashuka milimani kwa kasi, imebeba mchanga na chupa za plastiki, na mtaro wa wazi unaifikisha ziwani. Watu wakaniambia niufunike, kwa sababu watoto wanatumbukia. Kwenye karatasi nikaufunika wote kwa mabamba mazito ya zege. Fundi mzee aliyekuwa akizibua mitaro akanionyesha mikono yake: "Yatainuliwa na nani?" Mtaro uliofungwa moja kwa moja unaziba kimya kimya, na siku ya mvua kubwa maji yanachagua barabara. Mabamba yakawa membamba, kila moja lenye tundu la kupitisha nondo, watu wawili wanaliinua.

6. Mama lishe ni mlinzi wa bustani

Mwaka 2021 wamachinga waliondolewa kando ya barabara katika miji mingi nchini, Mwanza ikiwamo. Nilisikia hoja za pande zote na sizibezi. Lakini bustani isiyo na anayeuza chai saa kumi na mbili asubuhi ni bustani isiyo na jicho. Bustani ya Forodhani ya Zanzibar, iliyofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya ukarabati wa Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan, bado inajaa usiku kwa sababu wapishi wana nafasi yao pale. Kwa Kamanga nilichora vituo vya kupikia vyenye bomba la maji, sehemu ya majivu, na paa, vikielekea upande ambao upepo wa ziwa unauondoa moshi kwa waliokaa.

7. Choo kiwe mbali na maji, na kiwe bure

Kichocho kipo kwenye fukwe hizi. Konokono wanaokibeba wanaishi kwenye maji yaliyotulia yenye magugu, na mzunguko unakamilika pale mtu anapojisaidia majini. Choo cha kulipia kinamfukuza mwenye shilingi chache kurudi ziwani. Wateja wangu walikata fungu la choo mara mbili. Nililirudisha mara mbili, na kama ningeombwa kuchagua kati ya choo na paa, ningelitoa paa.

Taa za bustani nazo zikawa za mwanga wa njano, mbali na vituo vya chakula, maana wadudu wa ziwani wanaoinuka kama moshi wanaukimbilia ule mweupe.

8. Daraja limefunguliwa, na watu wangali wanasubiri

Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa takriban kilomita tatu, lilifunguliwa kati ya Kigongo na Busisi. Mwenye gari anayekwenda Sengerema au Geita sasa ana njia nyingine. Mtu akaniuliza kama bustani ya gati ina maana tena. Nilirudi Kamanga na mchoro wa mwisho, nikautandaza chini na kuubana kwa mawe manne. Yule mama alikuwepo, safari hii na beseni la sabuni na mafuta ya kupeleka nyumbani. Kwake daraja ni safari ya kuzunguka.

Aliutazama kwa muda mrefu. Akauliza mkuyu uko wapi, feri inatokea wapi. Kisha akaweka kidole kwenye benchi la tatu kutoka kwenye ngazi.

"Hapa ndipo nitakapokaa."

Feri ilikuwa imekaribia. Akautua mguu wa kulia mbele, akajitwika, akaenda. Palipokuwa na kidole chake pamebaki doa dogo la mafuta, na mchoro ule ndio ninaoutunza.